Mayai ya Chumvi ya Lokeno

Yai la kwanza lilipasuka lenyewe, bila kuguswa na mtu, chini ya kitanda cha Lokeno. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini harufu iliyofuata ilimtoa nje kila aliyekuwemo nyumbani. Kisha likapasuka jingine. Kufikia alasiri, trei zote alizokuwa amezipanga pale zilikuwa zimegeuka viza, na Nakal, mkewe, alikuwa amesimama uani na mtoto mgongoni na mzigo kichwani.

"Mbuzi akifa tunamla," Nakal alisema. "Nyama ikibaki tunaikausha. Mafuta tunayayeyusha na kuyaweka hadi kiangazi. Hata ngozi tunailalia. Sasa niambie, baba Akiru, yai likifa linatupa nini?"

Lokeno alifungua kinywa ajibu, akakifunga upesi, maana harufu ilikuwa inaingia.

"Linatufukuza nyumbani," Nakal alijijibu mwenyewe, akaishika njia ya Lopur, kwa mama yake. Mtoto Akiru alimtazama baba yake juu ya bega la mamaye kama anayetazama kituko, hadi vichaka vya mathenge vilipowameza wote wawili.

Lokeno alibaki na jembe mkononi, akichimba shimo la kuzika mayai. Alijua kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Mteja wake mkubwa alikuwa na hoteli Lokichoggio, na gari lake lilikuwa limekwama ng'ambo ya laga, mto wa msimu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali kabisa, na maji yakaja na kuikata barabara huku Kakuma penyewe hapajapata hata tone. Jua liliendelea kuwaka juu ya mabati ya nyumba yake kana kwamba limelipwa. Yai gani lingestahimili? Lakini maneno hayo aliyatafuta na kuyapata baada ya mke kuondoka, kama ilivyo desturi ya maneno mazuri.

Mtu huyu Lokeno hakuzaliwa na kuku. Alizaliwa upande wa Lokitaung, katika nyumba ya mbuzi na ngamia, na alijifunza kuwajua mbuzi wa baba yake kwa sauti kabla hajajifunza kuhesabu. Ukame ukaja, ukafuatwa na ukame mwingine, na mbuzi wakaisha. Kijana akatembea na kuomba lifti za malori hadi akafika Lodwar. Pale alibeba mizigo sokoni, akachota maji ya kuuza, akafyatua matofali kando ya Turkwel, mpaka barabara kubwa ilipoanza kutengenezwa kuelekea kaskazini na kambi ya wajenzi ikatafuta vibarua.

Wenzake walipewa sururu. Yeye alipewa kisu cha vitunguu. Jikoni kwa wahandisi wa Kichina kulihitajika mtu wa kumenya na kuosha, na Lokeno, aliyekuwa amekonda kwa njaa, hakuona aibu kukaa karibu na chakula. Lakini kazi hiyo ya jikoni hakumwambia baba yake hadi mzee alipofariki. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na jina lake lilikuwa gumu kwa ndimi za vibarua. Walimwita Mzee Chumvi, kwa sababu kona ya jiko lake ilikuwa na mitungi ya mayai yaliyozamishwa katika maji ya chumvi, na hakuruhusu mtu mwingine kuigusa. Alimfundisha Lokeno kwa ishara za mikono. Alichemsha maji, akayatia chumvi na kukoroga, kisha akatumbukiza yai moja bichi. Likizama, alitikisa kichwa na kuongeza chumvi. Likielea, alicheka. Maji yakishapoa kabisa, mayai mabichi yasiyo na ufa yaliingia mtungini, yakagandamizwa kwa sahani yasielee, na mtungi ukafunikwa na kuwekwa kivulini kwa wiki kadhaa. Baadaye yalichemshwa ndipo yakaliwa, kidogo kidogo, na wali. Kiini kilikuwa chekundu kama ushanga na kilitoa mafuta.

Barabara ilipoisha, kambi ikafungwa. Lokeno alinunua kuku wake wa kwanza Lodwar kutoka kwa mwalimu mmoja aliyepata uhamisho wa kurudi kwao Bomet, akawasafirisha hadi Kakuma juu ya lori la mahindi. Watu walimcheka. Mturkana wa kuku! Nakal peke yake hakucheka. Alimwambia, siku hizo wanachumbiana, "Mume wa mbuzi hufuata malisho, unamwona mwezi na mwezi. Kuku hawaendi mbali. Mume wa kuku atalala nyumbani." Maneno hayo Lokeno aliyaweka moyoni mwake kama mtu anavyoweka sarafu pembeni mwa shuka, na sasa, akiwa peke yake uani, kila mara aliyapapasa kuona kama bado yapo.

Jirani yake Awino alikuwa na kibanda cha chai mkabala na boma lake. Alikuja Kakuma miaka mingi iliyopita kumfuata mumewe, karani, na mumewe alipohamishwa yeye akakataa kuondoka kwa sababu wateja wake walikuwa hapa. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile.

"Jirani, umeachwa kwa ajili ya mayai?" alimwuliza asubuhi iliyofuata. "Kwetu watu wanaachana kwa ajili ya mwanamke mwingine. Kwako ni kuku!"

"Hajaniacha. Ameenda kumsalimia mama yake."

"Na sufuria zote? Mama yake hana sufuria?"

Lokeno alimeza chai yake. "Nikipata njia ya kufanya mayai yakae, atarudi."

"Amesema hivyo?"

"Amesema mbuzi hukaa, yai halikai. Maana yake ni hiyo."

Awino alimtazama kidogo, kama anayetaka kusema jambo, kisha akachomoa simu kifuani. "Ngoja nikuonyeshe. Huko ng'ambo wanatia hii mayai kwa siki. Inakaa mpaka wanasahau waliweka lini."

Kwenye simu, mikono misafi ya mtu asiyeonekana uso ilikuwa inamenya mayai yaliyochemshwa na kuyapanga katika chupa ya kioo pamoja na vitunguu, pilipili na siki iliyochemshwa. Lokeno alitazama hadi mwisho, akaomba kutazama tena. Akaenda dukani kwa Msomali akanunua siki, akaazima chupa ya achari kwa Awino, akaiosha kwa maji ya moto, na jioni chupa ikasimama juu ya meza imejaa mayai meupe yanayong'aa. Ilipendeza. Aliifunika kwa kitambaa cha Nakal na kila aliyepita alioneshwa.

Haikumaliza hata wiki. Siki iligeuka kama maji ya kuoshea mchele, na kifuniko kilipofunguliwa kilipumua. Awino alikuja, akanusa kwa mbali, akarudi kwenye simu yake na kuitazama ile video polepole.

"Aki ya nani," alisema. "Angalia hapo nyuma yake. Ni friji."

Walimwaga chupa yote shimoni, mbali na kuku. Lokeno hakuwa na friji, wala umeme wa kuaminika wa kuiendesha, na hata kama angekuwa nao, friji ingejibu nini kwa mwanamke aliyelelewa na mama anayeweka nyama miezi na miezi bila waya wowote? Hapo ndipo alipomkumbuka Mzee Chumvi. Alishangaa kwamba hakumkumbuka mapema, lakini kile kisu cha vitunguu kilikuwa bado kinamtia haya, na mambo yanayotia haya hujificha nyuma kabisa ya kumbukumbu.

Alikwenda sokoni kununua chumvi. Alitaka nyingi. Na mtoto wa mfugaji akitaka chumvi nyingi, miguu yake inampeleka mahali pamoja tu: kwa wale wanaouza chumvi ya mifugo, ile ya rangi ya vumbi inayoletwa kwa magunia, ambayo mbuzi huilamba na kulia wakitaka zaidi. Pakiti ndogo ya chumvi ya mezani ni ya kutia kwenye mboga. Ya kujaza mtungi ni ya gunia. Hakulifikiria jambo hilo mara mbili. Alichemsha, akakoroga, yai likaelea, akacheka kama mwalimu wake alivyocheka. Akaagiza kwa mpita njia aliyekuwa anaelekea Lopur: "Mwambie mama Akiru, nitaleta mayai yanayokaa kiangazi kizima. Mwambie na mama mkwe."

Kumbe chumvi ile nusu yake ilikuwa magadi. Siku alipovua yai la kwanza mtungini na kulipasua mbele ya Awino na wateja wake wa chai, ute ulikuwa umeganda wenyewe bila kuuona moto, umekuwa wa kahawia na wa kuteleza, na kiini kilikuwa cha kijani kama maji ya bwawa. Harufu yake ilikuwa ya zizi la punda asubuhi.

"Uuuwi!" Awino alirukia nyuma ya meza. "Hiyo umetaga wewe mwenyewe!"

Mteja mmoja, Lueth, kijana wa Sudan Kusini anayefundisha shule ya msingi katika kambi ya wakimbizi, alichukua kijiti akaligusa yai. Likatikisika. "Mwalimu wa sayansi wetu angependa hii," alisema kwa upole. "Lakini si kwa kula."

Kakuma ni mji mkubwa ukiutembea, lakini habari za kuchekesha huuvuka kwa hatua moja. Kabla Lokeno hajamaliza kuzika mtungi wake, Lopur walikwisha kusikia kwamba mkwe wao anapika mayai ya jini.

Alikaa uani na kigoda chake, mikono magotini. Kuku walitembea mbele yake wakichakura, wakitaga kama kawaida, bila kujua kwamba kazi yao yote ilikuwa aibu. Alifikiria kuwauza. Alifikiria kurudi Lodwar kubeba mizigo. Alifikiria kwenda Lopur mikono mitupu na kumwomba Nakal tu, kwa maneno, lakini maneno yake ya mwisho kufika kule yalikuwa yale ya kujisifu. Mwishowe Awino alimletea chai asiyoiagiza na pakiti za chumvi ya kawaida, nyeupe, ile anayotumia kwenye viazi.

"Jaribu na hii. Usiniangalie hivyo, mimi nataka Nakal arudi. Nani mwingine ananisukia?"

Safari hii Lokeno hakumwambia mtu. Alifukia mtungi nusu yake ardhini, ndani ya nyumba, mahali pasipofikiwa na jua, na kila asubuhi alimwagia maji mchanga unaouzunguka. Alichagua mayai ya asubuhi ileile, akiyagonganisha mawili mawili polepole kusikiliza kama yana ufa. Alisubiri. Nyumba bila Nakal ilikuwa na sauti nyingi asizozijua: mabati yanayolia yakipata joto, panya, upepo unaogeuza kitu fulani nje ambacho kila akitoka hakioni. Alijifunza kwamba mtoto anayelia ni bora kuliko nyumba inayolia.

Alipopasua yai la kwanza, baada ya kulichemsha, alikuwa peke yake. Ute ulikuwa mweupe. Kiini kilikuwa chekundu, na mafuta yake yakamtiririka kidoleni. Alilila lote, chumvi tupu, na machozi yakamtoka, na hata yeye hakujua ni ya chumvi au ya nini.

Kesho yake alioga, akavaa shati lake la kanisani, akaweka mayai machache yaliyochemshwa katika kikapu cha ukindu, akaenda Lopur.

Alimkuta mama mkwe, Apua, amekaa kwenye kivuli cha kibanda chake akikanda mafuta ya kondoo kwa mkono. Alikuwa bibi mrefu, mwenye shanga zilizopandana shingoni hadi kidevuni, na macho yenye kucheka hata kinywa kikiwa kimenuna. Lokeno alisimama mbali, kama inavyompasa mkwe.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi. Wewe ndiye wa mayai ya jini?"

"Hayo yalikuwa ya kwanza, mama. Haya ni mengine."

"Yalete."

Nakal alitokea kibandani na Akiru kiunoni. Alikuwa amepaka mafuta shingoni na alionekana kama mtu anayelala vizuri, jambo lililomuuma Lokeno kidogo. Apua alilipasua yai, akalinusa mbele na nyuma, akang'ata. Akatafuna muda mrefu sana. Kisha akang'ata tena, na Lokeno akajua.

"Lina mafuta," Apua alisema kwa mshangao. "Nakal, lina mafuta kama nyama ya akiba. Limekaa muda gani?"

"Tangu mwezi uliopita, mama," Lokeno alijibu, kifua mbele. "Na mengine bado yamo. Kila kitu nimefanya kwa mikono yangu. Mtungi nimeutafuta mimi, nimeufukia mimi. Hakuna anayeufungua ila mimi."

Apua aliacha kutafuna. Alimtazama bintiye, kisha mkwewe, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni kilichomfanya ashike ardhi kwa mkono.

"Mkwe wangu ana chombo chake cha akiba!" alisema. "Anakifunga, anakifungua! Sasa bado ajifunze kufunga ngozi ya kike kiunoni tuje tumwoe!"

Wanawake wa kibanda cha pili wakacheka pia. Lokeno alimgeukia mkewe.

"Nakal. Ulisema yai halikai. Sasa linakaa. Turudi nyumbani."

"Nani alikuambia niliondoka kwa sababu ya harufu?" Nakal aliuliza.

"Wewe! Ulisema mbuzi akifa..."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na aliyekasirika hushika fimbo iliyo karibu." Alimkabidhi mama yake mtoto, akakaa chini. "Sikiliza. Mama alipoletwa kwa baba, kabla hata moto wake haujawaka vizuri, alioneshwa mbuzi: huyu, huyu na yule, hawa ni wako wa kukamua. Maziwa yao, baba hakuyauliza. Mama akitaka kuwapa wageni, akitaka kugandisha, akitaka kumwaga, ni yake. Na chombo chake cha mafuta hakuna mwanamume aliyekigusa. Hata wakati wa njaa. Baba alikuwa anasimama mlangoni na kuomba."

"Alisimama vizuri sana," Apua alisema. "Alikuwa mrefu."

"Sasa niambie, baba Akiru. Kuku wako, nani wa kwangu?"

"Wote ni wetu," Lokeno alisema.

"Wote ni wetu," Nakal alirudia. "Nikitaka yai la kumpa mgeni, unasema subiri, hayo ni ya Lokichoggio. Nikitaka la mtoto, unaangalia trei. Wetu, wetu. Nilikaa nyumbani kwako miaka miwili kama mgeni asiyejua anaondoka lini. Mayai yakaoza chini ya kitanda nilichokilalia, na sikuwa na ruhusa ya kuyatoa. Ndiyo, niliondoka. Na wewe ukaona dawa ni kunitengenezea mtungi ambao siufungui."

Lokeno alitafuta jibu. Safari hii halikuja hata baadaye, njiani, ambako maneno mazuri yalizoea kumjia. Alitembea kurudi Kakuma na kikapu kitupu na kichwa kizito. Alikuwa amejiona mtu mpya, aliyeacha mambo ya mbuzi. Kumbe alichokiacha ni kile kigumu, kile cha kutenga na kukabidhi. Mambo mepesi ya mbuzi alikuja nayo yote. Hata chumvi.

Usiku huo hakulala, akilifikiria jambo hilo. Asubuhi alichukua panga akaenda lagani. Alikata nguzo, akakata makuti ya mikoma, akayafunga na kuyabeba kichwani kama alivyobeba magunia ya watu Lodwar. Alikwenda na kurudi mpaka rundo likawa refu karibu na banda la kuku, mahali penye kivuli cha mti wa mchongoma.

Awino alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Unajenga?"

"Mimi sijengi."

"Na hii yote ni ya nini? Ya kuota moto, na hii joto?"

"Kwetu kibanda hujengwa na mwanamke," Lokeno alisema, akijifuta jasho. "Mimi nimeleta vya kujengea. Mwenye kujenga hayupo."

Awino akafunga kibanda chake mchana kweupe, wateja wakimlalamikia, akasimamisha bodaboda iliyokuwa inapita. Lokeno alimsikia akisema, "Lopur. Na usikimbize, niko na maneno ya kupanga kichwani."

Walikuja kabla ya wiki kuisha, asubuhi jua likiwa bado pole. Apua alitangulia, fimbo mkononi. Nakal alifuata na mtoto mgongoni, na kichwani alikuwa na chombo cha mbao kilichofungwa kwa ngozi, kile cha mafuta. Sufuria hakuja nazo. Lokeno aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Nakal aliliendea rundo. Alichomoa nguzo moja, akaikunja, akaitupa. "Hii imekufa." Akachomoa nyingine, akaiweka kando. Aliyapima makuti kwa kiganja. Hakusema kama ni mazuri.

"Niitie kuku wako," alisema.

Lokeno alirusha punje za mtama. Kuku walikuja mbio, na Nakal akasimama katikati yao akiwachunguza kama mnunuzi wa mnadani. "Huyu. Huyu mwekundu. Na huyu wa shingo tupu."

"Huyo wa shingo tupu ndiye anayetaga kuliko wote!" maneno yalimtoka Lokeno.

"Ndiyo maana nimemchagua. Unafikiri baba alimpa mama mbuzi wagumba?" Akaendelea kuonesha kwa kidole. "Huyu. Na yule mwenye vifaranga, pamoja na vifaranga."

"Nakal!"

"Unakataa?"

Lokeno alimtazama kuku wa shingo tupu, ambaye alimtazama yeye kwa jicho moja, bila huruma. Akapumua. "Sikatai. Ni wako. Mayai yao sitayauliza." Akaingia ndani, akaufukua mtungi wa chumvi, akatoka nao kifuani, maji yakimchirizikia tumboni na kulitia madoa shati lake. Akauweka chini mbele ya Nakal. "Na huu pia. Namna ya kutengeneza nitakuambia mara moja. Baada ya hapo ukitaka shauri, utaniuliza."

Nakal aliinama, akafunua, akatazama ndani. "Umeweka mengi mno. Yanabanana."

"Mzee Chumvi aliyaweka hivyo."

"Mzee Chumvi hayupo hapa."

Walijenga siku nzima, mama na binti, na Awino akaja kushika nguzo na kuzungumza. Lokeno aliletewa mtoto, akaambiwa akae mbali. Jua lilipopinda kibanda kilikuwa kimesimama, cha mviringo, kidogo, chenye mlango wa kuingilia kwa kuinama, na upepo ulipita katikati ya makuti ukitoka baridi kuliko ulivyoingia. Mtungi ukafukiwa humo. Kisha Nakal akafungua chombo cha mbao. Alichukua mayai mapya, akayafuta, akachota mafuta ya kondoo kwa vidole na kulipaka kila yai taratibu, pande zote, bila kuacha doa kavu, kama alivyoona mama yake akifanya kwa nyama tangu utotoni. Aliyapanga katika kapu lenye majivu baridi.

"Hayo yatakaa?" Lokeno aliuliza kutoka nje. Hakuvuka kizingiti.

"Sijui. Tutayaweka katika maji matupu moja moja. Likizama tutakula, likielea tutatupa. Ya chumvi ni ya kiangazi, haya ni ya kila siku." Alipaka jingine. "Mbona unaninyima mwanga? Ondoka mlangoni."

Aliondoka. Apua alikuwa amesimama tayari, akikung'uta vumbi, akitafuta fimbo yake kwa macho.

"Mimi naenda," alisema. "Kuna mwezi mdogo tu leo, na macho yangu si ya zamani."

Lokeno alisubiri. Alimsubiri Nakal ainuke, amchukue mtoto, akifunge kile chombo cha mafuta na kujitwika. Alisubiri akiwa amesimama wima kabisa, kama mtu anayesikiliza hatua. Ndani ya kibanda, Nakal alichukua yai lingine.

"Mama," aliita bila kuinua kichwa, "kesho mtu yeyote akipita, unitumie sufuria. Ile kubwa ina tundu, usiisahau, Awino anajua fundi."

"Nimesikia," Apua alisema.

Lokeno alimsindikiza mama mkwe hadi lagani, akitembea kando na kwa umbali wa heshima, Akiru akiwa amelala begani kwake. Mchanga wa laga ulikuwa mkavu tena, na nyayo za yale mafuriko zilikuwa zimebaki kama mistari ya kiganja. Bibi alishuka ukingoni polepole. Katikati ya mchanga alisimama, akageuka.

"Mkwe!" alipaza sauti. "Ukitaka yai, simama mlangoni vizuri. Usilegee. Wanawake wanapenda mtu aliyesimama vizuri!"

Akaendelea na safari, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na Lokeno akakaa palepale mpaka alipomwona amefika ng'ambo salama.